Upande Haujaisha

Santuri ilifika Ifakara Alhamisi mchana, ndani ya buti la basi la Dar es Salaam, imefungwa kwa gazeti, juu ya gazeti khanga kuukuu, juu ya khanga boksi la biskuti. Mwalimu Agnella hakwenda stendi kuipokea. Alimtuma mtu wa bodaboda, akamngoja mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje, kwa sababu mumewe alikuwa ndiyo kwanza amemaliza uji, na muda ule baada ya uji ndio muda wa kupaliwa.

Aliifungulia jikoni. Jalada lilikuwa la rangi ya chai ya maziwa, na juu yake mwanamke wa Kizungu mwenye nywele fupi amekumbatia fidla kubwa, ile inayosimamishwa chini na kupigwa mtu akiwa amekaa. Agnella aliitoa santuri, akaishika pembeni kwa viganja bila kugusa uso wake, akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa na mikwaruzo midogo, tena ukingoni tu. Akaisogeza puani, akainusa. Hapakuwa na kingine alichoweza kuifanyia.

Alikuwa ameitafuta tangu usichana. Enzi hizo alijifunza ushonaji misheni, na sista mmoja wa Kizungu, mwenye miguu iliyovimba na asiyependa maneno mengi, alikuwa akiipiga mchana wakati wasichana wanapinda mashuka. Mtu mmoja, fidla moja, hakuna kuimba, hakuna ngoma. Wenzake walisinzia. Agnella alijidunga sindano kidoleni na hakuhisi. Alipouliza akaambiwa ni muziki wa Bach, Mjerumani aliyekufa zamani sana. Sista akarudi kwao, akazeeka, akafa. Santuri zake zikagawanywa huku na huko, na ile haikuonekana tena. Agnella akawa mwalimu wa shule ya msingi, akaimba sauti ya pili kwenye kwaya ya parokia, akaolewa, akazaa, akastaafu, na muda wote huo akakusanya santuri za klasiki moja moja, minadani, kwa mapadri wanaohama, kwa wauzaji wa barabarani kila alipofika Dar. Alipata za piano, alipata za misa, alipata za fidla nne zinazosemezana. Ile ya Sista hakuipata, hadi mwaka huu, muuzaji mmoja alipomtumia picha kwa simu na kumwuliza, "Mama, ndiyo hii?"

Ndiyo hiyo. Na sasa ilikuwa mikononi mwake, na nyumba nzima haikuwa na mashine ya kuipigia.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana ilikuwa saa ya kikundi. Kikundi chenyewe kilikuwa cha kwenye simu, kinaitwa Santuri Bondeni, na wanachama wake hawakujaza bajaji mbili. Alikuwemo Ignas wa Kisawasawa, mwalimu wa kwaya mwenye chumba kizima cha santuri na mke asiyekipenda chumba hicho. Alikuwemo Nickolaus wa Mlimba, mtu wa reli, mpenzi wa muziki wenye matarumbeta. Alikuwemo Mabula, mfugaji wa Kisukuma anayeishi ng'ambo ya mto, ambaye alinunua kreti la santuri mnadani kwa kuwa alilitaka kreti la kuatamishia kuku, akajaribu moja kwa mzaha, akasikia fidla inalia kama zeze la babu yake, na kuku wakakosa makazi. Sheria yao ilikuwa moja tu: mtu anaonyesha alichopata karibuni, kisha anawaambia wenzake inaliaje.

Jumamosi ile Agnella alituma picha ya jalada. Simu ikaanza kutetemeka mezani kama inzi aliyefunikwa kwa bilauri.

"Mwalimu! Ndiyo ile ya Sista?" Ignas aliandika.

"Ndiyo yenyewe."

"Hongera sana! Miaka yote hiyo! Haya tuambie, mkono wa huyo mama ukoje? Anaburuta au anakimbia?"

Agnella aliandika, akafuta. Akaandika tena. "Bado sijaisikiliza."

"Kama ile ya mwezi uliopita," Nickolaus akadakia. "Na ile ya kabla yake. Mwalimu siku hizi anakusanya majalada." Akapanga nyuma ya maneno vile vikatuni vinavyocheka hadi machozi.

Agnella naye akatuma vya kucheka, akailaza simu kifudifudi.

Hawakujua. Hakuwahi kuwaambia. Kila aliyemjua mjini, akikutana naye, swali la kwanza lilikuwa "Mgonjwa anaendeleaje?" na la pili halikuwepo. Kikundi kile kilikuwa chumba pekee maishani mwake kisicho na kitanda cha mgonjwa ndani yake, na alikilinda kwa kunyamaza.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa Alphonce, mumewe. Zamani alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga karibu na soko, na kwa kuzoea kushindana na kelele za mashine alizungumza kwa sauti ya juu hata msibani. Muziki wa mkewe hakuuelewa wala hakuuzuia. "Watu wako wamekuja tena?" alikuwa akiuliza akiingia na kukuta fidla zinalia, kana kwamba ni wageni wa mkewe, kisha huyo, bafuni. Ndoa yao ilikuwa hivyo, na haikuwa mbaya.

Msimu wa mavuno mwaka juzi alianguka katikati ya magunia. Alipoinuliwa, upande wa kulia haukuwa wake tena, na maneno yalikuwa yamekwenda yote isipokuwa moja: "Basi." Akitaka maji, basi. Akikataa maji, basi. Mwanawe Evod alipokuja mbio kutoka Dodoma, Alphonce alimshika shati kwa mkono mzima akasema, "Basi, basi, basi," na hakuna aliyejua kama anamkaribisha au anamfukuza.

Kitanda kiliwekwa sebuleni, ambako kulikuwa na hewa, ubavuni mwa kabati lenye mashine ya santuri. Siku moja, wiki kadhaa baada ya kurudi kutoka hospitali, Agnella aliweka santuri ya piano, taratibu, akidhani itamchangamsha. Uso wa Alphonce ulikunjamana. Machozi yakamtiririka hadi masikioni, mdomo ukafunguka upande, akatoa kilio cha mtoto aliyeamka akakuta mama hayupo. "Basi! Basi!" Agnella akarukia sindano ya mashine kuiinua. Wifi yake Tekla, dada wa Alphonce, alikuwa uani anachagua mchele. Aliingia ungo ukiwa bado mkononi.

"Umemfanya nini?"

Omega, yule binti aliyekuja kumfanyisha mgonjwa mazoezi ya viungo, alilieleza jambo hilo vizuri. "Mama, ugonjwa huu unaharibu mlango wa machozi. Anaweza kulia bila huzuni, anaweza kucheka bila furaha. Machozi yake usiyasome kama barua."

Agnella alimpelekea Tekla maneno hayo. Tekla akasema, "Mimi nimezaliwa naye tumbo moja. Kaka yangu akilia, namjua."

Na siku moja Agnella alipokwenda sokoni, alirudi akakuta juu ya kabati pana mraba usio na vumbi. "Ile mashine nimempa mjukuu wangu aliyehamia Mikumi," Tekla alisema, akiendelea kukanda mguu wa kaka yake kwa mafuta. "Mgonjwa apumzike." Hakusema kwa ubaya. Tekla hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyeleta samaki kutoka Kivukoni kila wiki, ndiye aliyeshika mabega wakati Agnella anashika miguu ili Alphonce ageuzwe asipate vidonda. Ugomvi na Tekla ungekuwa ugomvi na mikono miwili asiyoweza kuishi bila hiyo. Agnella alimeza neno, likashuka kama mwiba wa perege.

Angeweza kusikiliza muziki kwenye simu. Evod alimtumia hata vile vya kuziba masikioni. Alivivaa mara moja tu, uani, akifua. Alipovivua alisikia mkoromo wa ajabu ndani, akakimbia, akamkuta Alphonce amepaliwa na mate yake mwenyewe, midomo imeanza kuwa ya zambarau. Tangu hapo hakuziba sikio tena. Masikio yake yakawa ya Alphonce. Alipika akisikiliza pumzi ile, alisali akiisikiliza, na hata usingizini kuna sehemu yake iliyobaki macho, imekaa kitako pembeni mwa kitanda.

Dunia ilikuwa imejikunja. Daraja la mto hakulivuka tena. Harusi alizihudhuria kwa picha. Ilianzia kitandani dunia ile, ikaishia kwenye bomba la maji uani. Siku za Jumapili ikanyooka hadi misa fupi ya asubuhi, wakati jirani yake Rosemery alipokaa na mgonjwa, na Agnella alipiga magoti kanisani huku akihesabu wimbo gani unaweza kurukwa. Wakati mwingine alisimama mlangoni mvua ikinyesha, akatazama barabara, akajiuliza angefika wapi kabla ya kuitwa. Angefika kwenye duka la kona. Si zaidi. Na hata huko dukani angekuwa amegeuza shingo.

Basi Ignas akaja na wazo lake. Wakutane Kisawasawa nyumbani kwake, Jumamosi inayokuja, kila mmoja na santuri yake mpya mkononi. "Tumechoka kuonyeshana picha kama wachumba," aliandika. "Mwalimu Agnella, wewe huna udhuru. Tutaifungua ya Sista kwa pamoja."

Agnella aliusoma ujumbe ule akiwa amesimama, akausoma tena akiwa amekaa. Kisawasawa si mbali. Kwa gari ni safari ya mtu kwenda na kurudi kabla jua halijazama. Jioni Tekla alipokuja na samaki, alimwambia.

"Wifi, Jumamosi naomba unisaidie kukaa na kaka yako. Nina mkutano Kisawasawa."

"Mkutano wa nini?"

"Wa walimu." Nusu yake ilikuwa kweli; Ignas alikuwa mwalimu, na yeye alikuwa mwalimu.

"Nenda tu," Tekla alisema. "Na wewe unahitaji kutoka."

Kwa siku zilizofuata Agnella alikuwa mwepesi. Alimwogesha Alphonce akimwimbia kwa pua. Jumamosi alidamka, akapika uji mzito, akausaga mchicha, akapanga kila kitu kwa mpangilio ambao hata kipofu angeufuata. Akavaa kitenge kilichoshonwa kwa ajili ya harusi ambayo hakwenda. Santuri akaifunga tena kwa ile khanga yake, akaitia kwenye mkoba, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango.

Tekla hakuja. Jua likapanda kwenye bati. Simu ikalia.

"Wifi," Tekla alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyeumia. "Nimekutana sokoni na mama mmoja wa Kisawasawa, mke wa huyo Ignas wenu. Kumbe ni mkutano wa santuri."

Agnella aliushusha mkoba sakafuni.

"Nilidhani ni jambo la maana. Mtu anamwacha mumewe kitandani, mume asiyeweza hata kujifukuzia nzi, anakwenda kusikiliza santuri? Hapana, wifi. Kwa hilo mimi simo."

"Nimekusikia," Agnella alisema.

Alikaa ukingoni mwa kitanda na kitenge chake kipya. Alphonce alimtazama kuanzia shingoni hadi miguuni, polepole, kwa yale macho yaliyokuwa bado makali.

"Basi," akasema.

"Basi nini?" Agnella aligeuka. "Basi nini, Baba Evod? Nimependeza, basi? Nimeshindwa kwenda, basi? Niambie! Basi nini?" Alikuwa anafoka, na kilichomtisha ni kwamba ilikuwa tamu. Alifoka hadi Rosemery akachungulia juu ya ukuta wa matofali na kukirudisha kichwa haraka. Alphonce alikodoa macho tu, mate yakimtoka kwenye kona ya mdomo. Agnella aliyafuta. Kisha akavua kitenge, akavaa gauni la nyumbani, akaenda kuosha masufuria.

Aliwaandikia kikundini maneno machache: "Nina mgonjwa ndani, mume wangu. Ni mwaka wa pili. Siwezi kutoka. Wala mashine ya santuri sina. Nisameheni." Pole zikamiminika. Nickolaus aliomba radhi kwa yale ya majalada, akaomba tena. Ignas alimrekodia kipande cha walichokuwa wanasikiliza. Agnella aliiweka simu kwenye sikio moja, akasikia mkwaruzo, kwa mbali sana fidla, kwa karibu sana jogoo wa Ignas. Mabula peke yake hakuandika chochote.

Siku chache baadaye pikipiki ilizimwa mlangoni, na sauti ya kiume ikapiga hodi. Alikuwa mtu mfupi, mpana, shuka begani, kofia mkononi, na nyuma ya pikipiki kitu kama sanduku kimeviringishwa kwa blanketi.

"Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni Mabula."

"Marahaba. Karibu ndani, baba. Mbona hukusema kama unakuja?"

"Nimekuja kununua dawa za ng'ombe, nikapitia." Aliingia, lakini hakukaa. "Kwanza mzee. Yuko wapi nimsalimie?"

Alichuchumaa kando ya kitanda, akaushika ule mkono mzima kwa mikono yake yote miwili. "Shikamoo, mzee."

"Basi," alisema Alphonce.

Mabula akaipokea kama marahaba, akainuka. Akatoka nje, akarudi na lile sanduku, akalifungua blanketi. Ilikuwa mashine ya santuri, ndogo, ya kubebeka, spika imo ndani ya mfuniko wake.

"Siwezi," Agnella alisema papo hapo. "Analia akisikia muziki."

"Kwa sababu ya muziki?"

"Sijui. Wataalamu wanasema machozi yanakuja yenyewe. Dada yake anasema anateseka. Mimi sijui."

"Umemwuliza mwenyewe?"

"Ana neno moja tu, na umelisikia."

Mabula aliukuna ukosi wake. Agnella akasubiri, kwa kuwa watu wengi wakifika hapo huwa wanatoa ushauri: mpeleke kwa fulani, mwombee hivi, mpe majani yale. Mabula akatikisa kichwa.

"Sina la kukuambia, Mwalimu. Mimi nawajua ng'ombe. Hii inatumia betri, umeme ukikatika usihangaike. Kaa nayo hadi nimalize kuvuna." Akanywa chai yake wima, akaaga, pikipiki ikaondoka.

Mashine ilikaa siku kadhaa chini ya blanketi lake, na Agnella akapita kando yake na beseni, na sufuria, na mashuka machafu. Jumamosi ikaja. Alimlisha Alphonce, akangoja uji utulie, akamwinua juu ya mito. Kisha akavuta kiti.

"Baba Evod. Nataka kupiga muziki. Kama unakubali, nibane kidole."

Alphonce akambana kidole.

"Na kama hutaki, nibane."

Akambana vilevile, kwa nguvu zilezile, akimtazama kwa macho yaleyale.

Agnella alikaa na kidole chake ndani ya ngumi ile yenye joto. Alikuwa ameiendesha nyumba yote kwa kumsoma mtu huyu usoni, lini ana njaa, lini ana kiu, lini amejichafua, na akawa stadi. Lakini hili halikuwa na maandishi. Akingoja ruhusa, angengoja hadi mmoja wao azikwe, na huenda akatangulia yeye, kwa mgongo ule ulivyokuwa. Akakichomoa kidole. Akafunua blanketi, akaitoa santuri kwenye jalada la rangi ya chai, akashusha sindano.

Mkwaruzo kidogo, kisha fidla ikaanza, chini, kama mtu anayejisemea akidhani yuko peke yake. Ilikuwa taratibu kuliko alivyoikumbuka. Palepale Agnella akasikia pumzi, ya kuvutwa kwa ghafla, akaruka kutoka kitini kumwinamia mumewe. Alphonce alikuwa anapumua vizuri. Pumzi ikaja tena. Haikuwa yake. Ilikuwa ya yule mwanamke wa kwenye jalada: kabla ya kila mvuto mrefu wa upinde alivuta pumzi puani, na mashine iliyomrekodi ikaikamata pamoja na muziki. Misheni, katika kelele za wasichana na cherehani, Agnella hakuwahi kuisikia. Akakaa tena polepole.

Uso wa Alphonce ukakunjamana. Machozi yakaanza. "Basi," akasema, "basi, basi," na kilio kikapanda juu ya fidla. Mkono wa Agnella ukainuka wenyewe kuelekea kwenye sindano. Akaushika kwa mkono mwingine, akaurudisha mapajani. Akachukua ncha ya khanga, akamfuta shavu hili, akamfuta lile, yakaja mengine, akafuta. Sikio moja lilikuwa kwenye koo la mumewe, jingine kwenye fidla, na mwili mzima ulikuwa umekakamaa kama mtu anayevuka mto kwa gogo. Haikuwa starehe. Lakini aliisikia. Aliisikia noti kwa noti.

Ndipo Tekla alipoingia na samaki wake kwenye mfuko.

Alimwona kaka yake analia, akaiona santuri inazunguka. "Zima!"

"Kaa, wifi. Upande haujaisha."

"Agnella, una wazimu? Huoni analia?" Alitupa mfuko chini, akanyoosha mkono. Agnella akamdaka kifundo. Walikuwa wanawake wazima wawili, wote wamepita umri wa kushikana mikono hivyo, na walibaki wameshikana juu ya mashine ile, wanahema.

"Unamtesa."

"Labda."

"Labda?"

"Labda namtesa. Labda anafurahi. Labda hata hasikii, ni machozi tu. Mimi sijui, wifi, na wewe hujui, ingawa mmezaliwa tumbo moja. Ninachojua ni kwamba asubuhi namgeuza, mchana namlisha, jioni namwosha, kesho tena. Saa hii ni yangu. Sina nyingine."

"Basi nitamchukua kaka yangu," Tekla alisema, na sauti ikakatika.

"Mchukue."

Fidla iliendelea kuvuta pumzi na kulia.

"Mchukue leo. Sikufanyii kiburi. Godoro lake hilo, mashuka nimefua. Nenda kaite bajaji."

Tekla aliutazama ule mwili mrefu uliolala upande, mguu uliokauka, mpira wa mkojo. Agnella alimwona akipima nyumba yake, wajukuu wake, mgongo wake mwenyewe, na akamwonea huruma kwa kuwa hesabu ile aliijua jinsi inavyotoka. Akakiachia kifundo. Tekla aliinama, akaokota mfuko wa samaki, akaupeleka jikoni, akauweka kwenye beseni la maji ili usiharibike. Kisha akatoka bila kuaga, na mlango akauacha wazi.

Upande wa kwanza ukaisha. Agnella akaigeuza santuri.

Jumamosi hiyohiyo aliwaandikia wenzake habari ndefu kuliko zote alizowahi kuandika: kuhusu ile pumzi, kuhusu mahali mpigaji anapokawia na mahali anaposhuka chini hadi mbao zinatetemeka, na kwamba huyo mama haburuti wala hakimbii, anatembea kama mtu aliyebeba ndoo. Wakajadiliana hadi jua likatua. Mke wa Ignas, walimwambia, amejua kwamba maneno yake ya sokoni ndiyo yaliyoharibu safari, na amemwuliza Ignas kama Mwalimu Agnella bado amekasirika.

Lakini asifikiri mtu kwamba mambo yalinyooka. Samaki wa Kivukoni walikoma. Ndugu walipigiana simu, na Evod akapiga kutoka Dodoma.

"Mama, shangazi anasema unampigia baba makelele hadi analia."

"Shangazi yako anasema kweli. Njoo ukae naye wiki moja, mwanangu, halafu tuzungumze."

"Nitaangalia likizo, mama."

Kumgeuza mgonjwa peke yake kulimvunja kiuno. Rosemery alisaidia alipokuwepo. Asipokuwepo Agnella alitumia shuka, akalipitisha chini ya mgongo, akavuta kama mtu anayevuta mtumbwi nchi kavu, akapumzika, akavuta tena. Mwezi ukapita kabla Tekla hajasimama tena mlangoni, hana samaki, hana neno, akashika mabega, Agnella akashika miguu, wakamgeuza. Hawakuzungumza juu ya muziki. Tekla alikuja siku za katikati ya juma tu. Jumamosi hakukanyaga.

Na Jumamosi zote Agnella alipiga. Kuna Jumamosi Alphonce alilia mwanzo hadi mwisho. Kuna moja alilala. Kuna moja alicheka, kicheko kirefu kisicho na mpaka, na Agnella akaogopa kicheko kile kuliko machozi.

Mvua zilipokuwa zinaanza, na Mabula bado hajaidai mashine yake, Agnella alikuwa amefika katikati ya upande wa pili, mahali pale fidla inapojibana kwenye nyuzi za juu kama inataka kutoka ndani ya mbao, Alphonce alipopaliwa. Safari hii haikuwa pumzi ya yule mwanamke. Agnella alimgeuza ubavu, akampiga mgongoni kwa kiganja, akaingiza kidole, akakomba makohozi, akampiga tena, akamwita jina lake la ujana, hadi koo likafunguka na hewa ikaingia kwa mlio wa mlango mbovu. Akamfuta. Akambadilisha fulana. Akakaa sakafuni, mgongo umeegemea chaga ya kitanda.

Nyuma yake muziki ulikuwa umekwenda wenyewe hadi mwisho pasipo msikilizaji, na sasa sindano ilikuwa inagonga katikati ya santuri, tak, tak, tak. Mvua ilikuwa imeshika kasi kwenye bati.

Kutoka juu, mkono wa Alphonce ulishuka ukamgusa kichwani. "Basi," akasema.

Agnella hakuuliza. Alisikiliza koo lake kwanza, akaridhika. Kisha akainuka kwa kushika kiuno, akaenda kwenye mashine, akairudisha sindano mwanzo wa upande.